Mizani Chini ya Mtungi wa Buluu

Wauguzi wadogo wa kliniki yetu waliponiaga waliniomba niandike juu ya gesi ya kucheka, kwa sababu nimeishi nayo muda mrefu kuliko mtu yeyote pale. Nimekubali, lakini nawaonya mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nashuku kifaa kilichotoka kukaguliwa jana. Nashuku mgonjwa anayeapa kwamba hajala kitu tangu asubuhi huku ana punje ya mahindi kwenye jino. Najua kwamba nyuma yangu mlikuwa mnaniita Mama Shaka, nimelijua siku nyingi, na halinikeri. Kinachonikera ni kwamba mara moja, pale nilipotakiwa kushuku kweli, nilimshuku mtu asiyestahili. Hilo ndilo nitakaloandika, na mengine yatakuja njiani.

Watu wa kwetu wananiita Mama Arsène, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Nilisomea uuguzi Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikafanya kazi miaka sita katika chumba cha meno cha hospitali moja kabla vita havijatutoa. Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mume wangu, watoto watatu na mimi, pamoja na koleo moja la kung'olea magego ya juu nililokuwa nimelifunga ndani ya kitenge. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini nilibeba koleo nikaacha sufuria. Mume wangu aliniuliza swali hilo kila tulipokosa sufuria.

Kambini nilianza kwa ukalimani kwenye zahanati. Mganga alikuwa Mmalawi, akizungumza Kichewa na Kiingereza, na foleni ilizungumza Kiswahili chetu, Kirundi na Kinyarwanda. Mimi nilikaa katikati kwenye kigoda. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo shuleni hawakunifundisha. Watu wetu wanasema ndiyo. Mtu aliyevuka mipaka mitatu na kukaa mbele ya meza tano za maofisa amejifunza kwamba mwenye kalamu akiuliza, jibu lililo salama ni ndiyo. Una homa? Ndiyo. Homa imeisha? Ndiyo. Vidonge vyote umemeza? Njo, docta. Mganga aliandika yote, na mimi nilitafsiri yote, nikicheka moyoni.

Mara moja kwa mwezi alikuja daktari wa meno kutoka Lilongwe, anang'oa meno bure tangu asubuhi mpaka mikono inamtetemeka. Nitamwita Dokta Mbewe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za matope. Siku moja koleo lake lilivunjika na foleni bado ilikuwa ndefu. Nilikwenda nyumbani nikaleta langu. Alilitazama, akanitazama, akaniuliza nimelipata wapi, na baada ya miezi michache alikuwa ameandika barua kuomba niruhusiwe kufanya kazi kwenye kliniki yake ya mjini. Ruhusa ikaja, ya mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ilihitaji barua mpya yenye sahihi yake. Bila barua hiyo mimi ni mtu wa Dzaleka, na mtu wa Dzaleka hana ruhusa ya kukaa Lilongwe. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Biwi, watoto wakaanza shule, na kila mwaka mwezi wa barua ulipokaribia nilikuwa natembea polepole ili nisivunje chochote.

Siku ya kwanza kliniki Dokta Mbewe hakunionyesha mashine ya gesi. Alinionyesha dirisha.

"Amayi," aliniambia, yaani mama kwa Kichewa, "kabla ya kujua gesi inaingia wapi, ujue inatokea wapi."

Kulikuwa na bomba lililochukua pumzi ya mgonjwa na kuipeleka nje. Bomba hilo likichomoka, alisema, gesi anayoitoa mgonjwa tunaivuta sisi. Mgonjwa anavuta nusu saa, pengine mara moja kwa mwaka. Wewe utavuta kila siku ya kazi. Muuguzi mwenye mimba alihamishiwa chumba kingine bila mjadala, na madirisha yalikuwa wazi hata wakati wa baridi ya mwezi wa sita, tukifanya kazi na sweta chini ya makoti meupe.

Baada ya dirisha ndipo ikaja mitungi. Oksijeni ni mtungi mweusi wenye mabega meupe. Gesi ya kucheka ni wa buluu. Mikono iliyopakwa mafuta ya ngozi haigusi koki ya oksijeni, kwa sababu mafuta na oksijeni vikikutana vinaweza kuwaka. Kila asubuhi unapaka povu la sabuni kwenye maungio, na povu likitoa mapovu mapya pana tundu. Kisha unafungua gesi zote mbili, unafunga oksijeni peke yake, na ile ya kucheka lazima ikatike yenyewe. Isipokatika, mashine inafunikwa shuka na wagonjwa wa siku hiyo wanapata sindano na pole. Oksijeni haishuki chini ya thelathini katika mia, hata mgonjwa awe mbunge. Unaanza na oksijeni tupu, unaongeza gesi kidogo kidogo, na ukimaliza unampa oksijeni tupu dakika tano kabla hajainuka. Hakuna anayebaki peke yake na mgonjwa, kwa sababu gesi hii inaleta ndoto, na ndoto ya mgonjwa inaweza kuishia kituo cha polisi. Mgonjwa anakwenda nyumbani na mtu aliyekuja naye.

Mliniuliza mara nyingi kwa nini yote haya, wakati wengine mjini hawayafanyi. Baraza linalotoa leseni linayataka, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba gesi hii ina sura ya upole. Sindano inauma, kwa hiyo watu wanaiheshimu. Hii ina utamu kidogo puani na watu wanatabasamu, na mimi kitu kinachofanya watu watabasamu kabla sijakijua namkabidhi mwingine kwanza.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa fundi cherehani wa Bukavu aliyekaa Dzaleka, Papa Cikuru. Alikuwa anaogopa sindano mpaka viatu vinamtoka. Tukampa gesi. Kazi yangu ilikuwa kutazama mfuko wa mpira unavyojaa na kunywea, na kuzungumza naye, kwa sababu mgonjwa wa gesi hii lazima awe anakusikia na kukujibu wakati wote. Asipojibu, umekwenda mbali mno.

"Papa Cikuru, uko muzuri?"

"Njo, niko bien."

Dokta akaongeza gesi. Nikauliza tena, akajibu tena, njo, niko bien. Mara ya nne alijibu hivyo hivyo kwa sauti ndogo, na pale pale akatapika mpaka kwenye kifuniko cha pua. Tulimgeuza upande haraka, tukafyonza, tukampa oksijeni, na akarudi. Midomo yake ilikuwa imepauka kama unga. Alipotulia nilimkasirikia, kwa sababu nilikuwa nimeogopa.

"Sasa kwa nini hukusema kama unasikia vibaya?"

"We uliniuliza kama niko muzuri," alisema, akifuta kidevu. "Mbele ya docta ningesema nini?"

Tangu siku hiyo sikumuuliza mgonjwa swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo. Niliwauliza: Batoto bako ni bangapi? Nitajie majina yao, anza na ule mudogo. Leo asubuhi ulikunywa nini? Mtu anayeweza kutaja watoto saba kuanzia mdogo yuko salama, na anayechanganya wa nne na wa tano anapunguziwa gesi. Dokta Mbewe alipenda sana jambo hili. Aliliandika kwenye kadi kwa mwandiko wake mzuri, akaibandika juu ya mashine, na wageni walipouliza alisema, huyu amayi ndiye aliyenifundisha. Sitawaficha, nilifurahi. Kwa mkimbizi, kuambiwa na bosi mbele za watu kwamba amemfundisha kitu si jambo dogo.

Mnielewe kuhusu mizani sasa, maana mmenicheka sana. Mtungi wa oksijeni una saa ya kupimia inayoshuka polepole kadiri unavyotumia, na unaweza kuiamini. Saa ya mtungi wa buluu ni mwongo. Ndani ya mtungi gesi imekandamizwa mpaka imekuwa maji, na maji hayo yakiwepo hata kidogo, mshale unasimama pale pale kana kwamba mtungi umejaa. Unapoanza kushuka, umekwisha. Njia pekee ya kujua kilichomo ni kupima uzito, ukatoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni pake. Nilipoelewa hivyo nilikwenda Mitundu siku ya soko, nikapata mizani ya jukwaa kwa mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa anafunga ghala, nikairudisha mjini juu ya lori la viazi. Jamaa aliyekuwa akituletea mitungi kutoka bohari ya Kanengo alicheka mpaka akakaa chini. Aliniuliza kama nataka kumuuzia mtu mtungi kwa kilo. Nilimjibu kwamba nataka kuujua, basi.

Kila Ijumaa jioni na kila Jumatatu asubuhi nikaupima, nikaandika. Miaka ikapita na namba zikakubaliana.

Hapa nimtaje Deo. Alikuwa Mrundi wa umri wangu, mkulima kwao, aliyeingia Dzaleka akiwa na mke mgonjwa na watoto wanne. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ya ulinzi kliniki. Tofauti na mimi, yeye hakuwa na ruhusa wala barua. Alikuwa pale kwa neno la Dokta tu, na neno lile likiondoka angeondoka nalo. Alipanda vitunguu kando ya geti na aliimba nyimbo za kanisani kwa Kirundi kwa sauti ya chini, hata wagonjwa wenye jino bovu wakanyamaza kumsikiliza. Alikuwa na funguo zote, kwa sababu mlinzi asiye na funguo hawezi kuzima moto.

Katika miaka ya elfu mbili na kumi, Jumatatu moja mtungi ulikuwa umepungua kilo moja tangu Ijumaa. Kliniki ilikuwa imefungwa Jumamosi saa sita na hatukumpa mtu gesi. Nilipaka sabuni kila mahali. Hakuna tundu. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, na ile iliyofuata. Mtu alikuwa anavuta gesi yetu. Nilikuwa nimesoma kwamba wapo wanaofanya hivyo kwa raha, na kwamba wengine wamekutwa wamekufa na kifuniko puani, kwa sababu peke yako hakuna wa kukuondolea. Watu wenye funguo walikuwa watatu. Mimi ni mmoja wao, na nilijua si mimi ninayevuta. Dokta Mbewe sikumhesabu kabisa. Si kwamba nilimfikiria nikamwondoa kwenye orodha, la, hakuingia.

Jumamosi ya nne nilisahau miwani yangu, nikarudi kuifuata saa tisa mchana. Nilimkuta Deo kwenye sinki la chumba cha matibabu anaosha kifuniko cha pua.

"Deo, hiyo masque unafanya nayo nini?"

Alishtuka mpaka maji yakammwagikia. "Nasafisha tu, Mama Arsène. Ilikuwa muchafu."

Vifuniko vyote nilikuwa nimeviosha mwenyewe saa sita. Deo alitazama mlango wa ofisi ya Dokta, uliokuwa umefungwa, kisha akatazama miguu yake. Niliuona ule mtazamo, na nikausoma kwa namna niliyotaka: mwizi anamwogopa mwenye nyumba. Gari la Dokta lilikuwa uani, lakini Dokta alikuwa mara nyingi anabaki Jumamosi kuandika. Nilichukua miwani nikaondoka. Njiani kwenda Biwi nilikuwa nimeshatunga hukumu.

Jumatatu nilimweleza Dokta, na karatasi ya uzito mkononi. Aliisoma mpaka chini, akasema, haya, mwite. Deo akaja akasimama karibu na mlango, kofia mkononi. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa lugha yetu, na Dokta amekaa kwenye kiti chake.

"Deo, gesi inapunguka kila wikendi. Ni we njo unavutaka, sivyo?"

Alimtazama Dokta. Dokta alikuwa anatazama kalamu yake.

"Njo, Mama," alisema Deo. "Ni mi."

Nikamtafsiria Dokta: amekiri. Dokta alisema tusimpeleke polisi, arudi tu kambini, ana familia. Nikawaza, ana huruma iliyoje. Deo alikunja koti lake la kazi vizuri, akaweka funguo juu ya meza moja moja, akaaga kwa adabu na kutoka. Niliona aibu kwa ajili yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta, na niliona fahari kwa ajili yangu. Nasema ukweli. Nilijiona muuguzi hodari.

Miezi miwili mtungi haukupungua wikendi hata robo kilo. Kila Jumatatu namba zile ziliniambia nilikuwa sahihi. Halafu Jumatatu moja kilo moja ikawa haipo.

Mtu wa kushuku akikutana na jambo kama hilo anatafuta kila njia ya kuzunguka. Nilishuku mizani. Nikanunua mfuko wa sukari, nikaupima, ukawa sawasawa. Nilishuku bohari ya Kanengo. Nikabadilishiwa mtungi, na mpya nao ukapungua. Nikajishuku mimi, kwamba macho yamechoka, nikamwita muuguzi mwenzangu asome namba bila kumwambia sababu. Namba ni zile zile. Funguo zilikuwa kwa watu wawili sasa. Hata hapo nilipita wiki mbili nzima nikikataa kuhesabu mpaka wawili.

Miguu ya Dokta ndiyo iliyonilazimisha. Alikuwa ameanza kutembea akikanyaga kwa nguvu, kama mtu anayetafuta ardhi. Alijikwaa kwenye kizingiti alichokipita miaka yote. Kioo cha mdomoni kilimwanguka mara tatu kwa asubuhi moja. Alisema ni viatu. Wiki nyingine alisema ni sukari ya damu. Tulikuwa tumefundishwa, na yeye ndiye aliyenifundisha, kwamba anayevuta gesi hii mara kwa mara anaharibu vitamini inayolinda mishipa ya fahamu, na ganzi inaanza vidoleni na nyayoni.

Kisha ikaja siku ya mama mmoja wa Biwi, mchuuzi wa nguo, aliyehitaji kung'olewa magego mawili. Tulikuwa katikati. Dokta alinyoosha mkono kuongeza oksijeni bila kutazama, kama alivyofanya mara elfu. Vidole havikumwambia ameshika nini. Aliifungua gesi ya kucheka. Nilikuwa namwuliza yule mama kwa Kichewa changu kibovu majina ya wanawe, na alikuwa amefika wa pili. Wa tatu hakumtaja. Nikauliza tena. Mfuko wa mpira ulikuwa unapanda kidogo sana. Nilifunga gesi mwenyewe, nikafungua oksijeni mpaka mwisho, nikamtikisa bega, nikamwita. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Aliguna, akafungua macho, akamtaja mwanawe wa tatu kana kwamba hakuna lililotokea. Dokta alisimama na koleo hewani, anautazama mkono wake.

Tulimaliza kwa sindano. Mama yule alipoondoka na dada yake, nilifunga mlango. Nilikuwa naogopa sana, na sikutaka anijibu kwa heshima.

"Dokta, Jumamosi ile nilipomkuta Deo anaosha kifuniko, wewe ulikuwa wapi ofisini? Kitini au sakafuni?"

Alikaa.

"Sakafuni," alisema.

Alinieleza yote kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaelezea wagonjwa. Ilianza kwa dakika tano baada ya kazi, apumzishe kichwa. Zikawa kumi. Jumamosi ile Deo aliona bosi amechelewa kutoka, akaingia, akamkuta kwenye chumba cha matibabu amelala na kifuniko puani, midomo ya kijivu. Alimvua, akafunga gesi, akafungua madirisha, akamburuta mpaka ofisini ili mtu asimwone, akarudi kuosha kifuniko. Dokta alipozinduka alimwomba asimwambie mtu. Muda si muda nikafika mimi kufuata miwani yangu.

"Na nilipomwuliza mbele yako?"

"Nilijua atasema ndiyo, amayi," alisema Dokta Mbewe. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Kadi ilikuwa pale juu ya mashine, kwa mwandiko wake. Sikuweza kuitazama. Kisha akasema kwa upole, "Barua yako naitia sahihi mwezi ujao." Mpaka leo sijui kama kilikuwa kitisho au alikuwa anaomba. Mimi nilikisikia kama kitisho, maana ndivyo nilivyoumbwa.

Siku mbili nilishinda ndani Biwi nikisema nina malaria. Mume wangu alijua sina. Arsène alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, na wadogo zake wawili wanamfuata. Nikisema, kliniki inafungwa, barua haiandikwi, na sote tunarudi kambini. Nisiposema, iko siku mtu hatataja mwanawe wa tatu tena. Nilimweleza mume wangu nikitegemea anizuie, ili niwe na wa kumlaumu.

"We njo uko munganga," alisema. "Mi niko natengeneza redio. Usiniulize mambo ya pumzi ya bantu."

Siku ya tatu nilikwenda ofisi za baraza na ukurasa mmoja. Niliandika uzito, tarehe, na kilichotokea kwa mama wa Biwi. Ofisa alisoma, akaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyehusishwa. Ilinibidi niongeze mstari: mlinzi alifukuzwa kwa tuhuma yangu, na tuhuma ilikuwa ya uongo. Mstari huo uliniuma kuliko ukurasa mzima.

Walikuja, wakaifunga mashine kwa lakiri, na Dokta Mbewe akasimamishwa kazi na kupelekwa kutibiwa. Sisi tukarudi Dzaleka, watoto wakakosa muhula mmoja. Arsène alifanya kazi ya kubeba maji akiwa na vitabu vyake kwenye plastiki, na hakunilaumu kwa mdomo. Kisha daktari mwanamke aliyeichukua kliniki alinitafuta. Nitamwita Dokta Tamanda. Aliitia sahihi barua yangu, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba yule mlinzi naye arudi, safari hii kwa karatasi.

Nilimkuta Deo anafyatua matofali nyuma ya soko la kambi, tope mpaka kwenye magoti. Nilimwambia daktari mpya anamwita. Nilimweleza yote yaliyotokea, ila radhi sikumwomba. Alinisikiliza bila kuacha kufyatua.

"Docta mupya ananiita, nitakwenda," alisema. "Batoto banakula."

Sheria zenu za sasa zilitoka hapo. Kabati la gesi lina kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti, na daktari mwenyewe hapewi zote. Anayepima mtungi siye anayeutumia. Karatasi ya uzito inapelekwa nje ya kliniki kila mwezi. Mtu akituhumiwa, anaulizwa peke yake, na bosi wake akiwa mbali. Mnapoziona sheria hizi mnadhani zilitoka kwa baraza. Baraza lilizikubali tu.

Dokta Mbewe alikuja mara moja, miezi mingi baadaye, kuchukua vitabu vyake. Alikuwa amechomwa sindano za vitamini muda mrefu na alitembea kwa fimbo, akitazama nyayo zake. Nilikuwa dirishani. Deo alifungua geti, akamwona, akaweka chini ndoo ya maji na kumshika mkono.

"Pepani, Deo," alisema Dokta. Alilisema mara mbili neno hilo la Kichewa la kuomba radhi.

"Mungu akusaidie, Docta. Hapa iko ngazi, angalia muguu."

Alimfikisha mpaka ndani, akambebea vitabu mpaka kwenye gari, akamfungia mlango. Mchana ule nilipika nsima, ugali wa Malawi, mwenyewe nyuma ya kliniki, nikaweka sahani mbili, nikamwita Deo akae. Nilimwomba msamaha. Nililia, na si kawaida yangu. Nilimwambia kwamba kama ameweza kumsamehe Dokta, aliyekaa kimya akijua kila kitu, basi anaweza kunisamehe mimi niliyekosea tu.

Alinawa mikono taratibu kabla ya kunijibu.

"Docta nilimusamehe siku ile ile, Mama Arsène. Ule alikuwa mugonjwa. We ulikuwa muzima."

Akachukua sahani yake akaenda kula getini, na miaka mitano iliyobaki mpaka nilipostaafu alikula huko.